Barua ya wazi kwa viongozi wa Uasin Gishu kuhusu Mto Sosiani na urithi wa Eldoret

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Uasin Gishu,
Kwa Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi katika Bunge la Kaunti,
Kwa Bodi ya Jiji la Eldoret,
Nakala kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.



Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji, ikawa la tano nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, na tangu siku hiyo wakazi wake wameahidiwa kwamba hadhi hiyo itawaletea wawekezaji, ajira na watalii. Barua hii imeandikwa kwa sababu ahadi hizo zinatolewa huku mali ambayo tayari ipo ikiachwa iharibike: mto unaopita katikati ya jiji haukaribiki katika sehemu kubwa ya kingo zake, mabaki ya makazi ya kale yaliyotapakaa katika uwanda wote wa Uasin Gishu yanalimwa na kufukiwa, na wakimbiaji walioupa mji huu jina duniani wanafanya mazoezi pembeni mwa barabara wakipishana na malori. Mgeni anayeshuka katika uwanja wa ndege wa Eldoret huelekezwa haraka Iten, Kitale au Bonde la Kerio, naye mkazi wa mitaa ya Langas au Huruma anayetaka kuwapeleka watoto wake matembezi siku ya Jumapili hukosa pa kwenda pasipo kulipa kiingilio.

Huenda ikasemwa kwamba mambo haya ni ya serikali kuu. Yapo yaliyo ya serikali kuu, na ndiyo maana Makumbusho ya Taifa imepelekewa nakala. Hata hivyo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti bustani za umma na vituo vya burudani, shughuli za utamaduni, utalii wa ndani na uzoaji wa taka. Kwa hiyo malalamiko yanayofuata yamefikishwa mahali panapostahili.

1. Kuhusu Mto Sosiani

Mto Sosiani huanzia katika misitu ya upande wa Kaptagat, hujaza bwawa la Two Rivers ambalo ni miongoni mwa vyanzo vya maji ya bomba ya jiji, kisha hupita katikati ya mji na kuelekea magharibi upande wa Turbo, ambako huporomoka katika Selby Falls na kuendesha mtambo mdogo wa umeme kabla ya kuungana na Mto Kipkaren. Kutoka hapo maji yake huingia Nzoia na hatimaye Ziwa Victoria. Mji wenyewe umekua kwa maji yake, kwani mnamo 1928 Eldoret ilipata maji ya bomba kutoka Sosiani, na hata leo, mtu akiufuata mto huu juu ya mji kuelekea Naiberi, atakuta maji yakipita juu ya mawe meusi chini ya kivuli cha miti, mahali ambapo kutembea, kuvua na kupiga kambi ni mambo ya kawaida.

Mto huohuo ukishaingia mjini hutendewa kama mtaro. Karibu na madaraja vijana huteka maji kwa ndoo na kwa pampu ndogo za petroli, huosha matatu, malori na boda boda ukingoni kabisa, na povu la sabuni likiwa limechanganyika na mafuta ya injini hurudi mtoni kwa vijia vilivyochimbwa kwa jembe. Taka za sokoni, mifuko na mabaki ya nguo hunasa kwenye mawe na mizizi, na mvua kubwa ikinyesha vyote huzolewa hadi kwa wakazi wa Turbo na vijiji vya chini, ambao hawakuvitupa wala hawakuulizwa. Majitaka ya mitaa iliyokua upesi kuliko mabomba yake huishia humohumo. Watu wanaoumia kwanza ni wale wanaochota maji hayo kwa matumizi ya nyumbani na kunyweshea mifugo, na kwa sababu hiyo suala la kupendezesha kingo haliwezi kutenganishwa na suala la afya.

Sheria ipo, tena iko wazi. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, zinakataza kulima au kujenga katika ukanda wa hifadhi ya mto, yaani kipande cha ardhi cha kila upande wa mto kinachopimwa kuanzia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko yaliyowahi kurekodiwa, na ambacho hakipaswi kupungua mita 6 wala kuzidi mita 30. Tatizo la Sosiani ni kwamba mkazi wa kawaida hawezi kujua ukanda huo unaishia wapi, kwa kuwa katika sehemu kubwa ya mji hakuna vigingi wala mabango, na palipokosa kigingi, uzio wa mtu binafsi husogea kila mwaka kuelekea majini hadi njia ya umma inafungwa.

Uzoefu wa Nairobi unatosha kuonyesha kwamba hali ya namna hii hurekebishika. Eneo la kando ya Mto Nairobi ambalo leo linaitwa Michuki Memorial Park lilikuwa jaa la taka na maficho ya wahalifu hadi 2008, wakati John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, alipoamuru lisafishwe na kupandwa miti. Msitu wa Karura, uliokaribia kugawanywa viwanja kabla ya Wangari Maathai na wenzake kuupigania mwishoni mwa miaka ya 1990, sasa hupokea watembeaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli kila siku, na ada zao husaidia kuutunza. Katika mifano yote miwili kilichotangulia ni mpaka kulindwa; mabenchi na maua vilifuata baadaye. Jambo hili lasisitizwa kwa sababu mipango ya kupendezesha Sosiani imetangazwa zaidi ya mara moja, na kila tangazo limezungumzia taa, vibanda na miti ya mapambo kuliko lilivyozungumzia mpaka na majitaka.

Haki iwatendekee pia waosha magari. Kuwatimua kwa askari wa kaunti ni kuwahamisha tu hadi daraja linalofuata, kwani wengi wao ni vijana wanaolisha familia kwa kazi hiyo, nao wanahitaji kutengewa viwanja vyenye maji na mashimo ya kunasa mafuta kabla maji machafu hayajaachiliwa. Kiwanda kinachomwaga maji yake mtoni hakistahili huruma hiyo. Kina uwezo wa kuyasafisha, na kinatakiwa kisheria kuwa na leseni ya kuyaachilia.

2. Kuhusu mashimo ya Wasirikwa

Katika uwanda wa Uasin Gishu na maeneo yanayouzunguka yapo mashimo ya mviringo, mapana kiasi cha mita 10 hadi 15, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye miteremko na yamefunikwa na nyasi. Wenyeji huyanasibisha na Wasirikwa, watu waliokalia nyanda hizi kabla ya Wamaasai wa Uasin Gishu na kabla ya jamii za Wakalenjin kama zinavyojulikana leo, na ambao sehemu ya vizazi vyao inaaminika kuwa iliingia katika koo za jamii hizo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mashimo hayo yalikuwa nyumba zilizoezekwa juu. Uchimbaji wa kiakiolojia, hasa kazi ya J. E. G. Sutton iliyochapishwa 1973, ulionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe: lango lilielekea upande wa chini wa mteremko, samadi na matope vilikuwa vikisukumwa nje kupitia lango hilo hadi vikafanya kichuguu mbele yake, na nyumba ndogo zilijengwa nje ya ukingo huku milango yake ikifungukia ndani ya zizi, ili mwenye mifugo asitenganishwe nayo usiku. Palipokuwa na mawe mengi, kuta za zizi zilijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikilia.

Watu hao waliishi kwa maziwa, nyama na nafaka kwa karne nyingi, kuanzia takribani karne ya 12 hadi ya 18, na mpangilio wa mazizi yao unaeleza mengi kuhusu hofu ya kuvamiwa, thamani ya ng'ombe na ukubwa wa familia. Huu ni urithi wa kale ambao mkazi wa Eldoret anaweza kuugusa kwa mkono wake, na ndio ambao serikali zake zimeujali kidogo kuliko wote.

Mfano wa Nakuru unatia uchungu kwa jinsi ulivyo karibu. Hyrax Hill, kilima kidogo nje ya Nakuru ambacho mwanaakiolojia Mary Leakey alikichimba mwishoni mwa miaka ya 1930 na ambacho mashimo ya Wasirikwa ni sehemu ya mabaki yake, kilitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la kitaifa mnamo 1943, kikapata makumbusho ndogo mnamo 1965, na hadi leo wanafunzi hupelekwa huko kwa mabasi kujifunza. Mwanafunzi wa Moiben au Ziwa, ambaye huenda anapita kando ya shimo kama hilo akienda shule, hulazimika kusafiri hadi Nakuru ili aelezwe ni kitu gani. Wakati huohuo matrekta yanasawazisha mashimo haya ili kupata ekari kamili ya mahindi au ngano, na mashamba makubwa yakigawanywa kuwa viwanja vya mita 15 kwa 30, shimo huwa la kwanza kujazwa kifusi. Mkulima hastahili kulaumiwa kwa kulima ardhi yake ikiwa hakuna ofisa aliyewahi kumfikia na kumweleza. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inaruhusu maeneo ya namna hii kutangazwa na kulindwa yakiwa hata katika ardhi ya watu binafsi, lakini haiwezi kulinda kitu ambacho hakijaorodheshwa.

3. Kuhusu historia ya mji wenyewe

Uwanda wa Uasin Gishu umewahi kuwa ajenda ya dunia. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia Waziri wake wa Makoloni, Joseph Chamberlain, ilipendekeza eneo hili liwe makazi ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya. Wajumbe wakaja kulikagua, na mkutano mkuu wa harakati ya Wazayuni ukalikataa pendekezo hilo mwaka 1905. Mwaka huohuo, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa upinzani wa Wanandi, aliuawa na ofisa wa jeshi la Uingereza, Richard Meinertzhagen, na malisho ambayo watu wake waliyatumia uwandani yakafunguliwa kwa walowezi. Mwaka 1908 likafika kundi la Makaburu kutoka Afrika Kusini likiongozwa na Jansen van Rensburg, mwaka 1910 posta ikafunguliwa katika shamba namba 64, na mwaka 1912 mji ukapewa jina rasmi la Eldoret, ingawa wazee wengi bado wanauita Sisibo, namna yao ya kutamka namba hiyo kwa Kiingereza. Inasimuliwa kwamba benki ya kwanza ilijengwa palepale kasha lake la fedha lilipoangukia kutoka kwenye gari la ng'ombe, kwa kuwa lilikuwa zito mno kuinuliwa tena. Reli ilifika 1924, ikiwa imepanda zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari karibu na Timboroa.

Historia hiyo ina machungu, na hiyo ni sababu ya kuitunza kwa uangalifu zaidi. Ndani yake wamo Wasirikwa, Wamaasai, Wanandi na Wakeiyo. Wamo wafanyabiashara wa Kihindi waliofungua maduka, wafanyakazi wa Kiafrika waliolima mashamba ambayo hawakuruhusiwa kuyamiliki, na watu wa jamii nyingi waliohamia baada ya uhuru. Katika kaunti ambayo ugomvi wa ardhi umewahi kumwaga damu, makumbusho inayoeleza kwa ushahidi na bila kupendelea ni nani aliishi wapi na aliondokaje ingekuwa na kazi kubwa kuliko kuburudisha watalii. Kitale ina makumbusho, Kapenguria ina yake, Nandi Hills ina ya Koitalel Samoei. Eldoret, kubwa kuliko miji hiyo yote, haina makumbusho ya taifa. Kila jengo la zamani linapobomolewa kupisha ghorofa la biashara, sehemu ya ushahidi huo hupotea, aghalabu bila hata kupigwa picha ya kumbukumbu.

4. Kuhusu wakimbiaji na wapenda mazoezi

Kipchoge Keino alipata dhahabu ya mita 1,500 mjini Mexico mwaka 1968 na ya kuruka viunzi na maji mjini Munich mwaka 1972, na uwanja wa Eldoret unaoitwa kwa jina lake umekuwa na ukarabati unaoanza na kusimama kwa miaka mingi. Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, amejengeka Kaptagat, katika barabara za udongo mwekundu zilizo mwendo mfupi kutoka jijini. Watu husafiri kutoka mabara mengine ili tu wakimbie katika barabara hizo na kulala katika kambi zilizo karibu nazo.

Barabara hizo sasa zinawekwa lami moja baada ya nyingine, jambo ambalo mkulima wa maziwa na viazi analihitaji kwa haki kabisa, lakini lami inapowekwa bila njia ya udongo pembeni, mkimbiaji hupoteza uso laini unaookoa magoti yake na hupata magari yanayokwenda kasi. Mazoezi mengi hufanyika alfajiri, kabla giza halijaondoka vizuri. Njia ya udongo yenye upana wa mita 3 kando ya lami ingegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya barabara yenyewe, na ingewafaa pia watoto wa shule na akina mama wanaotembea kwenda sokoni. Kaunti inayojitangaza kama nyumbani kwa mabingwa haijaweka hitaji hili katika michoro ya barabara zake kama kanuni ya kudumu, na huo ni upungufu usio na utetezi.

5. Kuhusu maeneo ya nje ya jiji

Hapa maneno machache yatatosha. Kilima cha Sergoit na twiga wa mashamba ya upande huo, maporomoko ya Chepkiit mpakani mwa Nandi, na ukingo wa Elgeyo ambako warukaji wa miavuli huelea juu ya Bonde la Kerio, vyote hufikika kutoka Eldoret na kurudi siku hiyohiyo. Kinachokosekana ni mabango, vyoo, waelekezi waliofunzwa, na makubaliano ya kaunti jirani kuhusu nani atengeneze nini. Kaunti hizi tayari zimeunganishwa katika jumuiya ya kiuchumi ya Kaskazini mwa Bonde la Ufa, NOREB, na zinaweza kuanza na ramani moja ya pamoja.

Kwa sababu hizo, mambo yafuatayo yanaombwa.

(a) Serikali ya Kaunti, pamoja na Mamlaka ya Rasilimali za Maji na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ipime ukanda wa hifadhi ya Sosiani kutoka bwawa la Two Rivers hadi mwisho wa mipaka ya jiji, ipige vigingi vinavyoonekana, na ibandike ramani yake katika kila ofisi ya wadi.

(b) Matokeo ya vipimo vya ubora wa maji ya mto yatangazwe kila robo mwaka. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21, na wakazi wako tayari kuitumia sheria hiyo.

(c) Viwanja vya kuoshea magari vitengwe kabla ya mtu yeyote kuondolewa ukingoni, kisha njia ya umma ya kutembea na kukimbia ifunguliwe ndani ya ukanda huo, bila kiingilio, ikianzia sehemu ambazo bado hazijazibwa.

(d) Makumbusho ya Taifa na Serikali ya Kaunti zifanye sensa ya mashimo ya Wasirikwa na ya majengo ya zamani ya mji, na angalau eneo moja la mashimo lililo karibu na jiji litangazwe katika gazeti rasmi la serikali, mwenye ardhi akiwa amekubaliana na kufidiwa.

(e) Jengo moja la zamani lililo mikononi mwa umma litengwe kuwa makumbusho ya Eldoret, na baraza la kuisimamia liwe na wawakilishi wa jamii zote zilizoishi katika uwanda huu.

(f) Kila barabara mpya ya lami kuelekea Kaptagat, Iten na Moiben iwe na njia ya udongo pembeni katika mchoro na katika mkataba.

Maombi haya hayatimizwi kwa hotuba. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka uwasilishwe katika Bunge la Kaunti kabla au ifikapo tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili. Kitu ambacho hakimo katika mpango huo hakina fedha, na kisicho na fedha hakitajengwa. Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi wanaombwa wahakikishe kwamba upimaji wa ukanda wa Sosiani na sensa ya mashimo ya Wasirikwa vinaingia katika mpango unaofuata kama vifungu vinavyojitegemea, vyenye kiasi cha fedha na jina la ofisa anayewajibika. Mheshimiwa Gavana anaombwa atoe jibu la maandishi, lisomwe katika vikao vya umma vya bajeti, kwa sababu swali hili litaulizwa katika kila kikao hadi vigingi vionekane mtoni.

Kwa heshima na taadhima,
Mkazi wa Eldoret